Jogoo wa Soksi

Bwera, 22 Aprili 2024

Mdogo wangu Hamuza,
Salaam aleikum. Mke wako na watoto hawajambo hapo kambini? Mimi ni magoti tu, mengine namshukuru Mungu. Barua hii nampa Semu wa teksi, maana kwenye simu nitalia.

Kideri kimepita hapa. Kuku wetu wa soksi, wale wa marehemu mama tuliowatafuta vijijini na kuwazalisha kwa kuchagua miaka sita mpaka manyoya yakarudi miguuni, wamekufa thelathini na wanne. Wamebaki majike watatu. Jogoo ni yule niliyekupa tu. Nirudishie.

Dada yako, Naimah

Bulembia, 30 Aprili

Dada yangu,
Wa aleikum salaam. Sisi wazima, ila zamu zinatumaliza. Pole sana. Jogoo nitampakia kwenye basi la Mbarara Ijumaa. Mpokee Kikorongo.

Mdogo wako, Hamuza

Bwera, 6 Mei

Hamuza,
Mko wazima? Ijumaa nilikaa Kikorongo tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi. Kila konda nilimwuliza, "Umebeba jogoo wa Afande Hamuza?" Wa mwisho alinionea huruma, akaninunulia soda. Niambie kuna nini.

Dada yako

Bulembia, 2 Juni

Dada,
Natumaini magoti yamepata nafuu. Nimekaa na barua yako karibu mwezi.

Jogoo hayupo. Siku ya Idd mkubwa wangu wa kazi alikuja kula bila taarifa, na nyumbani hamkuwa na nyama. Nilimchinja jogoo. Ulipoandika nikaona aibu, nikasema nitapata wa kufanana naye kabla ya Ijumaa. Nilizunguka soko lote la Kasese. Wote miguu mitupu. Nisamehe.

Mdogo wako

Bwera, 19 Agosti

Mdogo wangu,
Salaam aleikum. Wasalimie watoto. Nilichelewa kwa sababu sikuwa na neno zuri la kukuandikia.

Nilikwenda Kinyamaseke kwa Mubarak, yule niliyemfukuza kwenye kikundi chetu cha wafugaji kwa kuchanganya soksi na kuku wa kisasa. Nilidhani atanicheka. Akasema, "Mama, jogoo wangu ni nusu tu." Nikamwambia nusu inatosha.

Wametoka vifaranga kumi na mmoja. Wenye manyoya miguuni ni wanne, na yenyewe kidogo. Kuwarudisha walivyokuwa ni miaka mingine sita, na mimi nina sitini na tatu. Nimekusamehe, lakini nimechoka, Hamuza. Kuchagua wa kuzalisha unajua. Likizo ikifika, njoo na kikapu. Mpaka siku hiyo nitawalisha. Baada ya hapo ni wako.

Dada yako, Naimah