Sahani ya Papa

Mudogo wangu Solange,

Salamu toka Katoyi. Mutoto ameota meno mawili, na mimi usingizi umenikimbia. Mama anakusalimia; kanseri ya utumbo bado inamusumbua, lakini maziwa anakunywa.

Umeniandikia kwamba kule laboratwari munazuia seli za kanseri zisijitengenezee kolesteroli, nazo zinakufa. Unauliza: basi tumukatie Mama maziwa na fromaji, jibini yetu ya hapa?

Hapana. Papa, baba yetu, alipougua ugonjwa huu huu, ulikuwa ungali mutoto. Jirani alituambia mafuta ndiyo chakula cha kanseri, na mupishi nilikuwa mimi. Nikamunyima vyote, maziwa, fromaji na mafuta, yeye mufugaji wa ng'ombe wa Masisi. Siku moja aliangalia sombe yangu ya majani ya muhogo, isiyo na mafuta, akacheka: "Binti yangu, hata ndama tunamuachia chuchu moja." Alikonda mpaka pete ikamutoka kidoleni. Uvimbe haukukonda. Tulimuzika na njaa yake, na mukono uliomunyima ni huu unaokuandikia.

Sasa umenifundisha sababu: seli zile zinajipikia zenyewe. Basi nyinyi wenye masomo mufunge jiko lao. Sahani ya Mama muniachie mimi.

Dada yako,
Furaha