Mama, Akina Bwana Kipimo Walikuwa Watatu

Mama yangu uliyelala Micheweni,

Nakuandikia gazetini, mbele ya macho ya watu, kwa sababu uongo ninaoupiga vita ulitangazwa mbele ya watu.

Nakumbuka uliporudi mjane kutoka Lupa, kule machimbo ya dhahabu bara. Mimi nilikuwa mtoto, mmeniacha kwa bibi. Nilipokuuliza baba yuko wapi, ulisema, "Shimoni. Liliporomoka, na Bwana Kipimo, Mzungu mkubwa wa machimbo, kaamuru lizibwe." Askari walikuzuia mbali. Hukujua kama wakati linazibwa baba alikuwa hai, na swali hilo hukuliweka chini hata siku moja.

Miaka mingi baadaye kikaja kile kitabu cha kumbukumbu za machimbo, kimetungwa na Mzungu mmoja. Kilisema waliokuwa shimoni walikwisha kufa lilipozibwa. Kilisema pia kwamba Bwana Kipimo aliyeliziba ndiye ofisa wa kwanza wa machimbo, aliyekufa kwa homa akazikwa huko huko. Ushahidi wao? Wachimbaji wote walisema "Bwana Kipimo". Basi maiti akatwishwa lawama, na maiti hajitetei. Nilikusomea jina lake la Kizungu kwa sauti, na jioni ile ile ukaanza kutetemeka.

Wajua msimamo wangu. Nimeandika hadi wino ukanikauka kwamba kupunga pepo ni biashara. Lakini ulikuwa huli, hulali, ukabaki mifupa. Nikamwita Bi Mize, fundi wa ngoma za pepo. Baada ya alasiri ubani ukafukizwa, ngoma zikapigwa, nami nikakaa mlangoni nimekunja uso.

"Karibu, Bwana Kipimo," alisema Bi Mize. "Wataka nini kwa mtoto wa watu?"

Kinywani mwako ikatoka sauti kavu ya mwanamume. Ilicheka.

"Mwamwita yupi? Tulikuwa watatu." Kisha ukanigeukia mimi, na macho yale hayakuwa yako. "Wewe mwandishi. Shimo lile lilipozibwa, mimi nilikuwa chini ya udongo. Andika hivyo."

Bi Mize akanitupia jicho. "Ehee! Leo umepata mhariri."

Ulipozindukana uliomba maji, ukauliza kasemaje. Nilipokwambia, ulitikisa kichwa kama mtu anayeambiwa habari za jirani.

"Kweli. Jina lile la mizani ya dhahabu, si la mtu. Akiondoka mmoja, akija mwengine, Bwana Kipimo yule yule. Aliyeziba ni wa tatu, yule aliyekatika sikio."

"Mbona hukusema, mama?"

"Nani aliniuliza yupi? Wote mwauliza nani."

Rafiki yangu anayesomesha Chunya, kule kwenye machimbo, alikwenda makaburini kwa Wazungu. Wa kwanza alizikwa kabla baba hajatia mguu bara. Kisha akawauliza wachimbaji wazee habari za mwenye sikio lililokatika, wakamtaja kwa jina lake kamili. Amestaafu, walisema, yuko kwao Uingereza, anakula pensheni.

Nilipotangaza kwamba nitaliandika jina hilo, barazani Wete watu walinivaa. "Bara wamepata uhuru juzi, sisi twapigania wetu, na wewe wamsafisha Mzungu!"

"Namsafisha mmoja," nikawaambia, "nipate kumshika mwengine."

Makala ilitoka. Usiku huo ulilala. Asubuhi ukala muhogo kwa papa, ukamtania mke wangu kwamba hajui kupika, na kutetemeka hakukurudi mpaka Mungu alipokuchukua. Ningeishia hapo, mama, nikajisifu. Lakini Ijumaa iliyopita Asha, binti yako, alikuwa ukumbini akikuna nazi. Mkono ukasimama. Akanyooka, akanitazama kama bwana amtazamavyo mtumishi aliyechelewa.

"Nani kakupa jina langu?"

Akalitamka jina lote nililoliandika, kama linavyotamkwa kwao. Asha hasomi herufi hizi za Kizungu, na gazeti hajalishika. Nikajua kwamba huko Uingereza mtu amekufa.

Mke wangu alikimbilia chetezo cha ubani. Nikamzuia. Sikuwa na haki ya kumzuia, maana mwili si wangu, nikamtazama dada yangu aamue mwenyewe. Kwa nukta moja alirudi mwenyewe, jasho linamtiririka.

"Muulize upesi, kaka. Anibana kifua."

Nikalivuta busati nikakaa mbele yake. Nilikuwa na hotuba nzima, mama, ya miaka thelathini. Yote ikanitoka kichwani. Nikauliza swali lako tu: baba alikuwa hai?

Macho ya Asha yakabadilika tena.

"Alikuwa akiniita," alisema. "Si Bwana Kipimo. Aliniita kwa jina langu."

Kisha Asha akaanguka ubavu, akalala usingizi mzito. Ameamka salama.

Hilo ndilo jibu, mama. Si nililotaka kukuletea, lakini sitalificha, wala sitaacha kumbukumbu zao zilifiche. Mungu akuweke pamoja na baba, mahali penye hewa.

Mwanao wa kwanza,
Wete