Namba Zetu Kumi Hazikuhama

Mandalay, siku ya tatu baada ya mwezi mpevu

Kwako Dada Tin Mya,

Pokea salamu zangu, viganja vimekutana kifuani. Magoti yako yanasemaje huko Mawlamyine, na mvua yenu isiyochoka? Mimi ni mzima. Nina miaka sabini na mmoja na bado nainua marumaru ambayo wanangu wanaizunguka tu wakiitazama. Mtaa wote huu wa wachongaji hakuna mkono kama wangu. Hilo silisemi mimi, ingawa nimeshalisema.

Jiwe la Mama liko tayari, limebaki maandishi. Mtawa mkuu anataka lisimame kwenye banda la wasafiri kabla ya mwezi mpevu ujao. Umeniagiza jina lako lisichongwe, eti ujumbe wako wa simu ulifika umevurugika, ndiyo maana Mama akafa hajaniona. Kwa ajili hiyo naandika, kwa mkono wangu mwenyewe, siku ya nne leo.

Simu yangu ya zamani ilikufa. Niliipeleka kwa Ei Phyu, yule mama wa watoto watatu anayeuza simu kando ya duka la chai, ahamishie mambo yangu kwenye mpya. Maandishi yakatoka vurugu tupu, herufi zimepandana kama kuku kwenye tenga. Nikamgombeza. Akasema, "Mjomba, shusha moto, jiwe ndilo linalopigwa nyundo, siyo mimi." Kisha akanieleza.

Ndani ya mashine hamna herufi, Dada. Kuna vyumba vyenye namba, na kila herufi yetu ina chumba chake. Nchi hii ilikuwa na mipango miwili ya vyumba hivyo, wa zamani na huu mpya, na vyumba vya herufi havilingani, kwa hiyo ukitoka huku kwenda kule unakuta wageni vitandani. Lakini namba zetu kumi, sifuri hadi tisa, mipango yote miwili imezilaza vyumba vile vile, zimefuatana toka 1040 hadi 1049, na hakuna aliyezihamisha. Nikatazama. Katikati ya fujo ile, kumi na mbili yetu, ၁၂, imesimama wima kama ninavyoichonga mimi. Watu nisiowajua walikaa mahali wakazipa namba za mababu zetu makao, na waliogombania mengine yote hawakuzigusa. Nikaanza kuinama nisujudu pale dukani. Ei Phyu akauliza kama ni kiuno kinaniuma.

Halafu akaugeuza ule ujumbe wako kwa mpango mpya, akanisomea: "Njoo kabla ya tarehe 12. Mama anakuita wewe tu."

Dada, siku ile ujumbe ulipofika haukuwa umevurugika. Ulikuwa mzima. Mimi ndiye niliyekuwa sijui kusoma. Majina yote niliyochonga, karani aliyachora kwa mkaa, nami nikafuata mstari. Nilizijua namba tu. Niliona 12 nikadhani umenipakilia vifurushi kumi na viwili vya kamba wakavu. Siku mbili nilishinda stendi ya mabasi nikiwatukana makondakta kuwa wamenilia kamba wangu, na Mama ananiita. Niliona haya kumpa mtu anisomee. Nilipofika msibani nikaisingizia simu. Wewe ukasema labda kosa ni la simu yako, nikakuacha useme hivyo miaka minne.

Tangu siku ile ya dukani, miezi kadhaa sasa, herufi ninafundishwa na Ei Phyu kila asubuhi, na ana ulimi mkali kuliko patasi. Jana nimechonga jina lako chini ya la Mama, bila karani, nikilisoma. Herufi moja imeinama kidogo. Nimekuasi, na sitalifuta. Langu sijalichonga. Nafasi yake nimeiacha laini, na neno lako ndilo nitakalofuata.

Nisalimie wajukuu, na ukipita kaburini mwambie Mama nimepata ujumbe.

Ni mimi mdogo wako,
San Hlaing, mchongaji