Foleni ya Dada Zaituni

Jumatatu, 6 Juni 1994

Pasi ya mkaa, gauni jeupe, kitambaa chenye maji. Kola nimeipiga mara mbili. Dada Zaituni kanywa chai akiwa amesimama, nami nikafungua daftari nikamsomea Kanuni ya 4: nesi asiende kazini na tumbo tupu. Kacheka. Kala kiazi kimoja.

Likizo. Wenzangu wa kidato cha tatu wamekwenda kwa babu zao. Mimi nina daftari la kurasa arobaini, jaladani nimeandika MWONGOZO WA NESI MPYA. Dada ameanza kazi mwezi uliopita kwenye zahanati. Kila jioni analoweka miguu kwenye beseni na kunisimulia siku yake, nami naandika, ili manesi watakaokuja baada yake wasiteseke. Hakuna aliyeniomba. Naipenda kazi hii kuliko zote nilizowahi kufanya.

Za mwanzo ni hizi. Kanuni ya 1: viatu viwe vikubwa kidogo, miguu huvimba ikifika mchana. (Vyake ni vya mitumba, vizuri sana, vinambana.) Ya 2: kalamu mbili mfukoni, moja itaazimwa na mganga na haitarudi. Ya 3: kama huna hakika na dozi, uliza. Aibu ya kuuliza huisha kabla ya chakula cha mchana. Aibu ya kukosea haiishi.

Jumanne, 7 Juni

Leo kliniki ya watoto. Dada karudi. Hakuloweka miguu.

Kuna mizani mbili pale, moja yake na moja ya Mama Yunisi, nesi mkuu. Foleni ya Mama Yunisi ilifika hadi kwenye mchongoma. Kwa Dada walikuja akina mama watano, na watatu kati yao walihamia upande wa pili alipogeuka kuchukua kadi. Wiki iliyopita ilikuwa hivyo hivyo.

Mwisho wa mwezi Mama Yunisi ataandika barua. Ikiwa nzuri, Dada anabaki hapa. Ikiwa mbaya, atarudishwa ofisi ya mkoa apangiwe kwingine, na wenye barua mbaya hupelekwa mbali. Mama anasema kazi ni kazi, popote. Mimi sikubali. Dada akiondoka nitabaki na nani wa kuongea naye? Watu wengine nikiwakaribia ulimi unakauka.

Alhamisi, 9 Juni

Nimesoma madokezo yake yote ya chuo. Kurasa mia na kitu. Kuna sehemu imepigiwa mstari: msifu mama anayefanya vizuri, ili wengine waige. Nimemuuliza kama huwa anasifu. Anasema kila mara, tena kwa sauti, benchi zima lisikie.

Basi kosa halipo hapo. Labda tabasamu. Nimeandika Kanuni ya 9: tabasamu. Tumefanya mazoezi mbele ya kioo. Mama kapita, katutazama, kasema tunafanana na watu wanaoumwa jino.

Ijumaa, 10 Juni

Kliniki tena. Alitabasamu asubuhi nzima. Watu wanne.

Nimefuta Kanuni ya 9.

Jumapili, 12 Juni

Siku njema. Dada kahitaji mtu wa kumfunga bendeji, akanifunga mimi, kisha wifi Halima, kisha mguu wa meza. Baba karudi msikitini adhuhuri akakuta sebule nzima ni majeruhi. Kauliza basi gani limepinduka. Tumecheka hadi Sele, mtoto wa wifi, akaanza kucheka naye bila kujua kisa. Ana miezi minane na meno mawili.

Kanuni ya 11: bendeji ikiisha kufungwa, mwambie mgonjwa achezeshe vidole. Kama hawezi, umekaza mno. Mguu wa meza haukusema kitu.

Jumatatu, 13 Juni

Wifi ana malaria. Kesho Sele anatakiwa kupimwa uzito. Mama ana wageni. Nimebaki mimi.

Wifi kanishika mkono, kaniambia, "Mwanaidi, umpeleke kwa Mama Yunisi. Usimpange kwa Zai." Nimeuliza kwa nini. Kageukia ukutani. "We nenda tu, wifi yangu."

Inaniuma. Hata nyumbani kwetu.

Jumanne, 14 Juni

Naandika haraka nisisahau hata neno.

Nilikaa benchi la Mama Yunisi, Sele kafunikwa kanga hadi puani. Kushoto kwangu bibi mmoja wa Kigogo amekuja na mjukuu. Upande wa pili Dada alikuwa anapima mtoto wa pekee aliyempata. Kumtia kwenye kile kikaptula cha mizani, kumning'iniza, yote vizuri, mikono yake ni laini kabisa. Kisha akainua kichwa, akamwambia kwa sauti karani aliye mlangoni: "Kilo tisa na nusu! Hongera sana mama, mtoto mnene kweli!"

Yule mama akamchomoa mwanawe kama anamtoa motoni, akamfunika, akaondoka bila kadi.

Bibi akaguna. "Anawanadi watoto. Kama mbuzi wa mnadani."

Mwanamke mmoja nyuma yetu akasema, "Mwache, bibi, mtoto wa shule yule."

"Shule imemfundisha kijicho? Mkwe wangu kaja hapa na mtoto wake kakonda. Kamtangazia kilo tano, watu wakasikia hadi barabarani. Hajarudi tena. Na mtoto bado anaharisha."

Nilitaka kusema huyo ni dada yangu, hana nia mbaya. Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Zamu yetu ilipofika nilimtazama Mama Yunisi kama ninavyotazama ubao. Kwanza alimwamkia bibi aliyetutangulia, shikamoo, kisha kwa Kigogo, "Mbukwa," na wakaulizana habari za ng'ombe. Alimpima Sele. Hakusema namba. Aliandika kiganjani kwa kalamu, akainama, akaweka kidole kwenye kadi: mwezi uliopita alikuwa hapa, sasa yuko hapa. Kisha akaifunika ile alama kwa dole gumba, akamfinya Sele shavu. "Kibaya hiki nani kakileta?"

Na mimi, sijui kwa nini, nikajisikia fahari hadi machozi.

Jumatano, 15 Juni

Siwezi kumwambia. Nimejaribu mara tatu. Mara ya tatu nilimwambia chumvi imeisha.

Nimeandika. Kanuni ya 14: kilo za mtoto hazitangazwi, ziwe nyingi au chache. Karani aletewe kadi, asipigiwe kelele. Ya 15: salimu kwanza, mizani baadaye. Ya 16: mtoto mzuri aitwe mbaya. Chini yake nimeandika habari ya mkwe wa bibi. Daftari nimeliacha juu ya viatu vyake.

Alhamisi, 16 Juni

Amekasirika sana. Kasema yeye kasoma miaka mitatu na mimi kidato cha tatu. Kasema chuoni ndivyo walivyofundishwa, mmoja apime mwingine aandike. Kasema kijicho ni ushirikina.

Kisha Mama, aliyekuwa anachambua mchele, kasema taratibu, "Wewe mwenyewe ulipozaliwa nilikupaka masizi usoni siku arobaini. Shangazi yako alikuita Nyani."

Baadaye Dada kaniuliza, bila kunitazama, yule mama wa kilo tano anaitwa nani. Sikujua. Hilo ndilo lililomliza.

Ijumaa, 17 Juni

Kajaribu. Kawasalimia wote, kaandika kiganjani. Ila kazidisha: mtoto wa kwanza kamwita mbaya, wa pili kamwita mbaya mno, wa tatu kasema hajawahi kuona sura ya namna hiyo tangu azaliwe. Benchi zima lilicheka. Mama Yunisi alilazimika kwenda nje kucheka. Dada alifikiri yamekwisha.

Akahesabu foleni jioni. Tisa.

Jumanne, 21 Juni

Kumi na saba. Viganja vyote viwili vimejaa wino, kanawa kwa sabuni ya unga. Kanuni ya 18, yake mwenyewe: namba ihamie kwenye kadi kabla mama hajainuka, na mikono ioshwe kati ya mtoto na mtoto. Mama mmoja kampa kifurushi cha mlenda mkavu. Tumeupika usiku huu. Baba kasema ni mlenda wa kiserikali.

Yule bibi alikuwepo. Dada alimpigia magoti, akamwomba msamaha kwa aliyomtendea mkwewe, na akampa pakiti za chumvi ya mtoto anayeharisha ampelekee. Bibi alizichukua.

Ijumaa, 24 Juni

Kaja.

Mkwe wa bibi. Kijana tu, hanizidi sana mimi. Kakaa mwisho wa benchi, kamfunika mtoto. Foleni ya Mama Yunisi ilikuwa fupi, na Mama Yunisi mwenyewe alimwita. Yeye alitikisa kichwa. Alimngoja Dada.

Dada anasema alimpima, akainama, akamwonyesha kwa kidole. Uzito kidogo, lakini umepanda. Wakakaa wote wawili wanaitazama ile kadi.

Kisha yule mama kasema kwa sauti ndogo, "Kibaya, eti?"

Nimemfanya Dada anisimulie mara nne.

Alhamisi, 30 Juni

Barua. Dada anabaki.

Mama Yunisi kamwambia alikuwa anangoja aone kama ana macho. Dada kamwambia macho hayakuwa yake, akamtolea daftari. Kalisoma lote akiwa amesimama, akacheka alipofika kwenye mguu wa meza. Julai wanakuja manesi wapya wawili. Anataka nakala mbili, kwa mwandiko wa kusomeka.

Baba kanunua zabibu. Tumekula hadi midomo ikawa myekundu.

Jumamosi, 2 Julai

Nimenakili hadi Kanuni ya 14. Mkono umechoka. Dada amelala, miguu juu ya mto. Viatu vipya viko mlangoni, vikubwa kidogo.

Asubuhi nilitumwa sokoni. Yule bibi alikuwa amekaa chini na mafungu ya karanga. Kwa kawaida ningepita nikitazama ardhi. Nilisimama. Kanuni ya 15.

"Shikamoo bibi. Mbukwa."

Aliitikia, akauliza habari za nyumbani. Nilimjibu. Nikauliza za mjukuu, yule aliyekuwa akiharisha. Akatazama kulia na kushoto, akanivuta karibu.

"Mbaya sana," akaninong'oneza, akitabasamu.