Mkuu wa Idara Amenipa Shemeji

Shangazi Batulo mpendwa, naomba msaada wako na naomba usinicheke, nakuandikia nikiwa nimejifungia bafuni kwa sababu hapa ndipo mahali pekee katika nyumba hii ambapo hakuna anayeniuliza kwa nini nimekonda.

Mimi ni mhadhiri mwandamizi katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi, sitakitaja, nimeolewa, nina watoto na tunaishi kwenye ghorofa huku Kayole, na jirani yetu wa juu ni Bwire, ambaye naye ni mhadhiri katika idara yangu, ila nimemzidi cheo na yeye yuko kwa mkataba, na mkataba wenyewe unakwisha muhula huu. Mkewe anaitwa Whitney, ndiye hukaa na wanangu nikichelewa kurudi, na maji yakikatika Bwire hunipandishia mitungi pamoja na yake bila kuombwa, akifika mlangoni anapiga kelele, "Shemeji, fungua bana, mkono unang'oka!" Ananiita shemeji kwa sababu yeye na mume wangu Odera hutazama mpira pamoja na kuitana ndugu, lakini Shangazi, hakuna undugu wowote, Odera ni Mjaluo wa Siaya, Bwire ni Msamia wa Busia, mimi ni Mkikuyu wa Murang'a, sote tulikutana kwenye ngazi za ploti hii tunayopanga, basi.

Sasa sikia. Alhamisi ijayo kamati ya idara inapiga kura kama Bwire aongezewe mkataba au aende zake. Kanuni ya chuo inasema wanaopiga kura ni wale waliomzidi cheo tu, na idara yetu ni ndogo, hao ni watatu: mkuu wa idara, ambaye nitamwita Profesa Wachira ingawa si jina lake, Profesa Magan ambaye ni mzee wetu na haogopi mtu kwa kuwa anakaribia kustaafu, na mimi. Profesa Magan amesema waziwazi kwamba Bwire anafundisha vizuri na atampa ndiyo. Wachira hataki hata kulisikia jina la Bwire tangu kijana huyo alipokataa kumwandika kama mwandishi mwenzake wa makala ambayo Wachira hakuandika hata sentensi moja. Kwa hivyo iliyobaki ni yangu, na wanasema kura ni ya siri, tunaandika kwenye karatasi na kuikunja, lakini siri gani Shangazi, kati ya watu watatu ambao wawili wanajulikana? Hata nikiikunja mara mia, ikifunguliwa ni kama nimeinua mkono. Na muhula ujao ni zamu yangu, nimeomba kupandishwa cheo niwe profesa mshiriki, na atakayeongoza kikao changu ni huyohuyo Wachira.

Juzi Bwire alinipita kwenye korido akaniita kama alivyozoea, "Shemeji, Odera alipona ile homa?" na Wachira alikuwa nyuma yangu. Akatabasamu, Shangazi, mtu ambaye sijawahi kuyaona meno yake tangu niajiriwe. Akaniita ofisini, akafunga mlango, akasema, "Kumbe huyu kijana ni shemeji yako? Na hukuniambia? Si unajua kanuni, mwenye undugu na anayejadiliwa hakai kikaoni." Nikamwambia hilo ni jina la mtaani tu, akasema, "Shemeji ni shemeji. Siku hiyo wewe sema, utoke nje, unywe chai, sisi tutamaliza." Kisha akaniambia kwa Kikuyu, lugha ambayo hatujawahi kuitumia kazini, kwamba mtu mwerevu hujua mlango uko wapi.

Sasa kuna moyo unaoniambia huu ni wokovu, kwamba nikitoka sijampinga Bwire na sijamuudhi Wachira, wabaki wao wawili kila mmoja na kura yake wapambane, mikono yangu iko safi. Lakini mbona usingizi umenikataa? Nikisikia viatu vya Bwire ngazini najificha, jana alileta mitungi akabisha na kubisha, nami nimesimama nyuma ya mlango wangu mwenyewe nimemziba mtoto mdomo asije akaitika, mpaka akaiacha pale nje na kupanda juu. Odera sijamwambia. Naogopa kukaa kikaoni, naogopa kutoka, naogopa hata Whitney akiniletea chapati kwa sababu sijui nitamtazama vipi usoni. Shangazi, niukubali huu ushemeji nijiokoe?

Mwenye hofu, Kayole

SHANGAZI BATULO ANAJIBU:

Mwenye hofu, kwanza toka bafuni, watoto wanataka kuoga.

Sikucheki. Hofu yako ina sababu, maana mtu aliyeshikilia cheo chako ana njia nyingi za kukuumiza huku anatabasamu, na wewe una watoto wa kulisha. Ningekuwa mimi pia ningetetemeka. Lakini umemziba mwanao mdomo nyuma ya mlango, mama, na aliyekuwa nje amekubebea maji! Hapo niliiweka barua yako chini nikavua miwani.

Sasa niambie, wewe msomi: kura moja ikisema ndiyo na nyingine ikisema hapana, nani anaamua? Umenieleza kanuni ya vyeo, umenieleza kanuni ya undugu, hii ya tatu umeiruka, na nashuku hukuisahau. Katika vikao vingi nilivyovijua, hata vya chama chetu cha akina mama, kura zikilingana mwenyekiti ndiye huongeza ya kwake ya pili. Fungua kanuni zenu usome. Kama nanyi mko hivyo, basi ukienda kunywa hiyo chai umempigia Bwire kura ya hapana, ila umeipiga kwa mkono wa Wachira. Usafi wa mikono uko wapi?

Halafu jiulize kwa nini Wachira hakukuomba umpinge Bwire. Anajua una kura gani moyoni. Angekuona uko upande wake, huo ushemeji asingeusikia hata Bwire angeupigia tarumbeta. Anakuonyesha mlango kwa sababu anaogopa utakachofanya ukibaki. Kumbe mnaogopana, na wewe ulidhani uko peke yako.

Na hilo neno lenyewe. Huku kwetu Eastlands nani si shemeji? Muuza mboga wangu huniita shemeji na hajui hata nimeolewa wapi. Shemeji wa kweli huja na mahari, wako amekuja na mitungi. Wachira anafanya kazi katika jiji hili, analijua hilo kama ninavyolijua mimi. Anajifanya mgeni kwa sababu inamfaa.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba ujirani si kitu. Mkewe anakulelea watoto. Mtu akisema una upendeleo hatakuwa amekosea sana, na nyote mmekaa kimya mkingoja Alhamisi iwakute. Kwa hivyo usijifiche wala usidanganye. Mwandikie mkuu wa idara kesho, nakala umpelekee msajili wa chuo. Sema wewe na Bwire si ndugu wala si mashemeji, ni majirani na familia zenu husaidiana. Sema kikao kizima, si mtu mmoja ofisini na mlango umefungwa, kiamue kama hilo linakuzuia kupiga kura. Na kama linakuzuia, aletwe mwingine wa cheo kinachofaa kutoka idara nyingine, kura isipigwe na watu wawili. Mwone Profesa Magan kabla ya kikao umwombe akushike mkono katika hilo. Mzee anayekaribia kustaafu ni silaha, nawe umemwacha amekaa tu. Na kwa kuwa umetishwa, omba kikao cha cheo chako kiongozwe na mtu mwingine. Wakikataa, utakuwa umeomba kwa maandishi.

Wakikuacha ubaki, isome kazi ya Bwire kana kwamba humjui. Kama hafundishi, mpe hapana, mitungi si shahada. Kama anafundisha, mpe ndiyo, uikunje karatasi yako mara moja tu kama watu wengine. Usimwahidi chochote kabla ya hapo, na chapati za Whitney zingoje mpaka Ijumaa. Odera mwambie leo hii. Unamwogopa Wachira, sawa, lakini mumeo amekukosea nini?

Sitakwambia kwamba Wachira hatalipiza. Anaweza kulipiza, na kupanda kwako kunaweza kuchelewa, na utaumia. Cheo kilichochelewa huombwa tena. Lakini Bwire akikosa mkataba atahama, na ghorofa lenu lina ngazi moja. Kitanda chake, meza yake, vitabu vyake na mitungi yake vyote vitapita mbele ya mlango wako vikishuka, na Odera wako ndiye atakayemsaidia kubeba bila kujua. Hiyo ndiyo hofu ninayotaka uwe nayo. Ile nyingine ni ya Wachira, mrudishie.

Siku zote hizo alikuita shemeji ukaitika, kwa sababu alikuwa amebeba maji. Usije ukamkubali kuwa ndugu mara moja tu, siku ya kumtupa.

Akibisha leo, mfungulie.