Mgongo Mpya wa Banda la Uyoga

Banda la uyoga, 4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kwako, kwa mama na kwa kitindamimba wetu. Mimi mzima, ila mgongo. Huku bondeni simu haishiki, kwa hiyo vumilia mwandiko wangu. Shule niliiachia njiani, unajua.

Kazi ni kuchuma uyoga. Banda giza, vitanda vya mbolea vimepandana kama rafu mpaka darini, nami natambaa katikati na taa kwenye paji la uso. Uyoga hausubiri mtu. Uuache jioni ukiwa mdogo, asubuhi umefunuka kama mwavuli na hauuziki.

Sasa sikia. Bosi haruhusiwi kuleta mgeni kutoka nje ya nchi mpaka atangaze kazi kwa wenyeji na wakosekane. Katangaza. Akaja mwenyeji mmoja, akainama mpaka saa sita, akaenda kula. Mpaka leo anakula! Basi bosi akaniuliza, "Mzee wa Kazi, kwenu hakuna mwingine kama wewe?" Nikamwambia ninaye mdogo wangu, ananishinda nguvu, mgongo wake kama ukuta. Akafurahi, akanipiga begani. Tutakuwa wawili, tutapika chungu kimoja.

Kaka yako

Nyumbani, 22 Aprili

Kaka, shikamoo.

Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima. Mama anaimba hata akiosha vyombo. Karatasi za bosi zimefika, afya nimepimwa, kazi ya saruji nimeaga. Fundi wangu kanicheka: "Unaacha mifuko ukabebe uyoga?"

Kibali kinasema nitakuwa kwa bosi huyo huyo, banda hilo hilo, msimu mmoja. Kitindamimba kamaliza shule, kanipita urefu, anauliza yeye ataitwa lini. Nimemwambia apange foleni.

Nitalala kitanda gani? Nikuletee nini?

Mdogo wako

Banda la uyoga, 9 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Mengine nitauliza siku nyingine. Usije.

Leo msimamizi kaniambia nifungashe. Nikadhani tunapewa chumba kikubwa, nikamwambia, "Asante, kitanda cha mdogo wangu kiwe karibu na dirisha." Akanitazama kama mtu aliyefika msibani. "Mzee wa Kazi, hukuambiwa? Nafasi ni moja. Kibali chako kinaisha na bosi hakukuombea kingine. Hiyo nafasi ni ya mdogo wako."

Nikakaa juu ya kreti. Nilikusifu kama mtu anayenadi ng'ombe wake, kumbe najiondoa mwenyewe zizini! Nikamwendea bosi. Hakukasirika hata kidogo. "Si damu moja? Chungu chenu hakijavunjika."

Kwa bosi mwingine siwezi kwenda. Kibali kimenifunga kwa huyu kama mbuzi kwenye kigingi; nikikata kamba, nafukuzwa nchini. Na huko nyumbani nani atauchukua mgongo huu? Wako nao utakuwa hivi hivi. Mrudie fundi, kabebe saruji yako.

Kaka yako

Banda la uyoga, 27 Juni

Kaka, shikamoo.

Pole na safari. Natumaini umefika salama na mama anakukanda mgongo. Kama uliniandikia, barua imenikosa, nilikuwa nimeshaondoka.

Niliposhuka nilikutafuta getini. Msimamizi akanipa taa na buti. Buti moja imeshonwa kisigino kwa uzi mweupe, mshono wako ule ule uliotushonea viatu vya shule. Nikamwuliza, "Mwenyewe yuko wapi?"

Akasema, "Mwenyewe ni wewe."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Ndipo akanieleza yote, nami nimeshika buti zako. Mpaka sasa nikizivaa nahisi nimemvua mtu barabarani.

Jana bosi kaja bandani, kanikuta nachuma kwa kasi. Kafurahi, kanipiga begani. "Ukuta! Kwenu hakuna mwingine nyuma yako?"

Akilini nikamwona mdogo wetu, na urefu wake wote ule, akitambaa humu gizani.

"Hakuna, bosi," nikamwambia. "Kitindamimba ni mimi."

Mdogo wako