Mama, Rudia Tembe za Kliniki

Ujerumani,
Jumapili

Kwa Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu hapo Kanyakine. Goti linakuruhusu kuchuma chai? Na ng'ombe mweupe amezaa? Mimi ni mzima, baridi imepungua na chakula ninakula. Nimeandika kwa Kiswahili na kuituma barua leo kwa simu ya dada yangu Kendi, aichapishe na kukusomea kama ilivyo, asipunguze ukali wa kosa langu.

Unajua tangu sekondari ninaandika daftari langu kila siku, na tarehe. Leo nimelifungua nikaona aibu.

Siku ile nilipokupigia kwa furaha, daktari wa kemia ninayemfanyia kazi alikuwa amechambua molekuli nyingi kwa kompyuta, akitafuta inayoweza kusaidia wagonjwa wa sukari kama wewe. Moja ilisemekana kuwa ndani ya mti wetu ule wa dawa. Daktari alisema, "Inawezekana, lakini bado hatujui." Daftarini nimeandika hivyo hivyo. Wewe nilikuambia, "Mashine imeona dawa yetu." Sikukuambia pia kwamba kazi yangu pale ni kuosha chupa na kusaga vitu. Ulifurahi sana, nikaacha hivyo.

Ukanitumia magome, nikayasaga. Daktari akayamulika katika kifaa kinachochora mistari, maana kila molekuli ina mchoro wake. Akatazama, akacheka. "Mwenda, huu ni mti au ni jiko?"

Nikakumbuka tunavyokausha kila kitu juu ya meko. Moshi ulijaa mle. Ile molekuli yenyewe haikuonekana kabisa, hata alipoosha unga na kurudia. Ilikuwa Jumanne. Niliandika neno moja tu: Hakuna. Nikafunga daftari, na wewe sikukuambia.

Wiki mbili zikapita. Kendi akanipigia: Mama ameziacha tembe zake za sukari kabatini, anakunywa magome, na jana kizunguzungu kilimwangusha katikati ya majani chai. Nilipokupigia ulinicheka.

"Tembe ni za watu ambao hawana mtoto kwenye mashine," ulisema. "Hata Mama Gakii, naye ana sukari, nimempimia kikombe."

Nikasema netiweki inasumbua, nikakata. Netiweki ilikuwa nzuri, Mama. Ni mimi niliyekosa mdomo wa kusema.

Sasa nasema. Hatuna dawa. Mwaga yaliyo kwenye sufuria. Kesho asubuhi nenda kliniki na Kendi, mweleze nesi siku ulizoruka, na usimeze tembe za siku hizo zote kwa pamoja. Akikugombeza, mwambie ni mwanao aliyekudanganya.

Msalimie kaka Mutembei anayekamua ng'ombe, na babu, ambaye najua ataniita mjinga. Ana haki. Msalimie na shangazi wa Kianjokoma akija.

Mama Gakii, jirani yetu wa kwaya, namwomba msamaha. Usimpe salamu zangu tupu. Mpe barua hii mkononi leo hii, kabla hajachemsha kikombe kingine, aisome yote mwenyewe, hata pale niliposema naosha chupa. Akitaka kuwasomea wanawake wote wa kanisa, usimzuie.

Ni mimi mwanao anayekupenda, na ambaye hajui atakutazama vipi,

Mwenda